Nishani ya Mzee Kunyuku na deni la wapagazi



Tarehe 8 Juni 2022, mjini Kinshasa, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvisha nishani Kaporali Albert Kunyuku. Mzee huyo alikuwa na umri wa miaka 100. Ujanani aliitumikia Force Publique, jeshi la Kongo ya Kibelgiji, mpaka Burma, kule Asia, katika Vita vya Pili vya Dunia. Nishani ile ilimfikia miaka 77 baada ya vita kuisha. Siku nne baadaye mfalme yuleyule alikuwa hapa kwetu Bukavu, katika hospitali ya Panzi.

Nampongeza Mzee Kunyuku kwa moyo wote. Lakini kuna wengine wanaotudai heshima, tena wa huku kwetu.

Septemba 1914, mwanzoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliteka kisiwa chetu cha Idjwi. Mwaka 1916 askari wa Kongo walivuka mto Ruzizi kuingia Afrika Mashariki ya Wajerumani, Julai wakaichukua Kigoma, na tarehe 19 Septemba wakaingia Tabora. Jenerali wao, Tombeur, baadaye alipewa ubaroni, akaitwa Tombeur de Tabora.

Na nani alibeba risasi na unga? Farasi hawakufaa. Waafrika Kusini waliokuja na farasi kupigana Afrika Mashariki mwaka huohuo waliwapoteza kwa maelfu kwa ugonjwa wa mbung'o. Mzigo ukaishia kichwani mwa binadamu. Kongo ilitoa wapagazi zaidi ya laki mbili. Kijana anatolewa shambani kwa amri, anatwishwa sanduku la risasi, anapanda milima kwenye mvua na baridi, anakula chakula asichokizoea, anaharisha, anaanguka njiani. Sanduku lake anatwishwa mwenzake, msafara unaendelea. Wengi hawakurudi, na waliorudi hawakuvishwa kitu. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ambaye hakukanyaga Kongo hata siku moja, yuko Brussels juu ya farasi wa shaba.

Naomba mambo mawili. Jimbo la Kivu Kusini lijenge mnara wa wapagazi hapa Bukavu. Nanyi mlio na wazee nyumbani, waulizeni leo: nani katika ukoo wetu alichukuliwa vitani? Alitoka kijiji gani? Alirudi? Andikeni jina lake na mlitunze, kwa sababu mnara usio na majina hautamlipa mtu deni lake.