Namba ya Injini



Ushirika wetu hapa pwani ya kusini una gari moja, Peugeot 504 kuukuu. Wenye umri wanakumbuka aina hiyo ilivyoshinda mbio za Safari mwaka 1975. Siku hizi haiundwi tena, na hewa ya chumvi imekwisha kula milango ya hili letu. Lakini ndilo linalochukua wagonjwa wetu kwenda hospitali ya Msambweni.

Siku moja injini ilichemka, gasketi ya hedi ikaungua. Tulichanga fedha, tukamtuma kijana avuke feri ya Likoni akatafute spea Mombasa. Duka la kwanza hakuna, la pili hakuna, la tatu walimcheka. Jioni alirudi na gasketi iliyoandikwa 504, nasi tukamshukuru Mungu.

Kesho yake fundi wetu wa Ukunda aliipima juu ya injini, akatikisa kichwa. Alitueleza kwamba gari hili lilitoka na injini za namna mbalimbali. Ile ya 1800 silinda yake ina upana wa milimita 84. Ile ya 2000, milimita 88. Letu ni la 2000, na gasketi ilikuwa ya 1800. Tofauti ni milimita 4 tu!

"Si uikate kidogo?" tulimwambia. "Jina ni lile lile."

"Wazee wangu," akajibu, "jina ni la gari. Injini ina namba yake. Mliisoma?"

Hatukuisoma. Kijana alivuka tena mara tatu, safari hizi akiwa na gasketi mbovu mkononi na namba kwenye karatasi, hata akapata iliyo sawa.

Ndugu, swali lile la fundi lilituchoma kwa sababu nyingine. Majuma machache kabla yake, mama mmoja wa ushirika wetu alifiwa na mwanawe baharini. Tulikwenda wengi, kila mmoja na neno lake tayari mdomoni: ni mapenzi ya Mungu, jikaze, usilie. Jumapili iliyofuata hakuja kanisani, wala ya pili. Tukasema imani yake ni haba. Kumbe tulimpelekea neno lililowafaa wafiwa wengine, tukalilazimisha likae kwake. Jina la msiba ni moja. Jeraha lake hatukulisoma.

Marafiki wa Ayubu waliketi naye chini siku saba bila kusema neno. Hizo ndizo siku walizomfaa. Walipoanza kumfundisha, walimwongezea maumivu.

Basi tulirudi kwa mama yule, watu wawili tu. Tuliketi ukumbini. Tulimwomba atusimulie habari za mwanawe, naye akasimulia mpaka jua likatua, mara akilia, mara akicheka. Hatukuwa na la kumfundisha. Tulipoaga, alitusindikiza hadi njiani.

Msikilizaji mpendwa, je, yuko jirani unayemwendea leo na neno lako tayari? Keti kwanza. Uliza. Sikiliza.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe umjuaye kila mmoja wetu, utufundishe kunyamaza mpaka tumjue ndugu yetu. Amina.