Sura na Uzito

Somo: Mathayo 22:15-22

Tufungue pamoja Injili ya Mathayo, mlango wa 22, kuanzia mstari wa 15. Hapo twasoma habari za watu waliomjia Bwana Yesu na swali la kodi, wakitaka kumtega kwa maneno. Bwana aliomba aonyeshwe sarafu, kisha akawauliza ile sura iliyo juu yake ni ya nani.

Leo nataka tulitafakari swali hilo kwa kuangalia sarafu nyingine, ambayo pengine hakuna mtu atakayeiona tena.

Mwaka 2007 nchi ya Kanada ilitengeneza sarafu ya dhahabu ya ajabu. Uzito wake ulikuwa kilo 100, kupita gunia la mahindi la kilo 90. Upana wake ulikuwa sentimita 53, kama sinia kubwa, na unene wake sentimita 3. Dhahabu yake ilikuwa safi kwa asilimia 99.999. Upande mmoja ulikuwa na sura ya Malkia Elizabeth wa Pili, na upande wa pili ulikuwa na majani ya mti ule ambao jani lake liko katika bendera ya Kanada. Iliandikwa thamani ya dola milioni moja za nchi hiyo. Sarafu za namna hiyo zilitengenezwa chache sana, na moja ilikuwa katika jumba la makumbusho la Bode, mjini Berlin, Ujerumani, ili watu waitazame.

Alfajiri ya tarehe 27 Machi 2017, kabla ya kupambazuka, wezi walipita juu ya reli iliyo karibu na jumba hilo. Waliweka ngazi, wakaingia kwa dirisha, wakavunja kioo kigumu kwa shoka. Mzigo ule waliupakia katika wilbaro, wakausukuma kando ya reli, wakateremka kwa kamba, wakatoweka kwa gari. Jumba hilo lina hazina ya sarafu na vitu vya namna hiyo zaidi ya 500,000, vingine vya kale sana. Lakini wezi walikuja kwa ajili ya ile nzito.

Mwezi Februari 2020 mahakama ya Berlin iliwahukumu vijana watatu kifungo. Mmoja wao alikuwa ameajiriwa awe mlinzi katika jumba lilo hilo. Kikulacho ki nguoni mwako. Polisi walikuwa wameona chembechembe za dhahabu katika nguo na katika gari, lakini sarafu yenyewe haikupatikana. Inaaminika kwamba ilikatwa vipande au ikayeyushwa, ikauzwa.

Ndugu msikilizaji, fikiri kidogo. Kwa nini kuiyeyusha sarafu ambayo dunia nzima iliistaajabia? Kwa sababu mwizi hakuitaka sura, alitaka uzito. Dhahabu ile ilikuwa na thamani ya karibu euro milioni 3.75. Lakini ile sura ilikuwa shida kwake, kwa kuwa ilimtangazia kila mtu kwamba kitu hiki kina mwenyewe. Ili apate faida, ilimbidi kwanza aifute sura. Dhahabu haikuharibika motoni. Kilichopotea ni ile sura, na alama ya mahali ilipotoka.

Sasa turudi kwa Bwana Yesu. Alifundisha kwamba kilicho na sura ya Kaisari kirudishwe kwa Kaisari, na kilicho cha Mungu kirudishwe kwa Mungu. Basi kilicho na sura ya Mungu ni kipi? Mwanzo 1:27 yatujibu: ni mwanadamu, mwanamume na mwanamke.

Lakini sisi, wapenzi, tumezoea kupimana kwa mizani. Twasema, "Yule ni mtu mzito." Mwenye gari na cheo tunampa kiti cha mbele. Msichana wa kazi aamka kabla ya watu wote, alala baada ya watu wote, na kuna nyumba za Wakristo ambamo hata jina la babaye halijulikani. Mzee alitembelewa sana alipokuwa na ng'ombe wa kugawa; sasa wamekwisha, na njia ya kwake imeota majani. Kijana amerudi kutoka mjini bila kazi, na nyumbani asalimiwa kwa kuguna. Hata katika harambee ya kanisa, aliyetoa maelfu huombewa kwa jina lake, naye mjane huombewa pamoja na "wengine wote." Yakobo 2:1-9 yatuonya juu ya jambo hilo hilo. Kila tunapomhesabu mtu kwa faida yake tu, twafanya kazi ya wale wezi: twafuta sura tupate uzito.

Labda wewe unayenisikiliza ndiwe uliyeyeyushwa. Walichukua nguvu zako, ujana wako, na mshahara wako, kisha wakakuacha, nawe wajiona huna sura tena. Sikiliza, dada yangu. Sikiliza, ndugu yangu. Hata baada ya anguko la Adamu na baada ya gharika, Mungu alikataza damu ya mtu isimwagwe, kwa sababu mtu yuna mfano wake (Mwanzo 9:6). Moto wa wezi haufiki hapo.

Tena Bwana wako ajua mizani hiyo. Yeye naye alipimwa, kwa vipande thelathini vya fedha, na aliyemwuza alikuwa mtu wa ndani, aliyekula naye. Uso wake ulitemewa mate. Lakini yeye aliye mfano wa Mungu asiyeonekana alifufuka, naye aifanya upya sura ya Mungu ndani yetu (Wakolosai 3:10). Polisi wa Berlin walitafuta wasipate. Katika Luka 15:8-10, mwanamke mwenye sarafu ndogo iliyopotea awasha taa, afagia nyumba, atafuta mpaka aione. Ndivyo Mungu akutafutavyo.

Basi, juma hili tufanye nini? Kama umezuia mshahara wa mfanyakazi wako, mlipe leo, kama Zakayo alivyorudisha. Mwite kwa jina lake. Mtembelee yule mzee, ukijua kwamba hana kitu cha kukupa. Na wewe uliyeyeyushwa, jirudishe kwa Mwenyewe. Sura uliyo nayo ni yake.

Na tuombe. Ee Baba, utusamehe sisi tuliopima watu uliowaumba kwa mfano wako. Watafute waliopotea, uwainue waliotupwa, uifanye upya sura yako ndani yetu. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.