Mabwawa na Matete: Utafiti wa Majitaka na Mahitaji ya Tabora

Mada kwa semina ya watumishi wa maji, afya na mipango miji, Tabora



1. Utangulizi

Tangu misafara ya biashara ya Bagamoyo na Ujiji ipige kambi hapa Unyanyembe, swali la mji huu limekuwa maji yatapatikana wapi. Vilichimbwa visima, likaja bwawa la Igombe, na sasa maji ya Ziwa Victoria yanafika kupitia Nzega. Maji yakiongezeka, majitaka nayo huongezeka. Vyuo vyetu vina utafiti wa kutusaidia, ila sharti upimwe upya kwa hali ya hewa ya hapa.

2. Mabwawa yanavyosafisha

Majitaka hupitishwa katika mabwawa matatu. La kwanza, lenye kina cha mita 2 hadi 5, halina oksijeni. Tope hutuama na bakteria hulimeng'enya. La pili, la mita 1 hadi 2, huwa kijani kwa mwani, ambao wakati wa jua huwapa bakteria oksijeni. La tatu ni la kuua vimelea kwa jua na kwa alkali inayopanda mwani unapofyonza kabonidayoksaidi. Umeme hauhitajiki.

Kasoro iko kwenye mlango wa kutokea. Mwani ule ule uliofanya kazi hutoka na maji, ukaoza mbele ya safari na kula oksijeni ya mto. Kiwango cha Tanzania hakiruhusu BOD, yaani oksijeni ambayo bakteria huhitaji ili kuozesha uchafu ulio majini, kuzidi miligramu 30 kwa lita.

3. Utafiti

Kuanzia miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Maprofesa Jamidu Katima, Karoli Njau na Tolly Mbwette, walishughulikia kasoro hiyo. Maji ya mabwawa ya chuo yalipitishwa katika vitalu vya kokoto vilivyopandwa matete. Maji hutembea chini ya uso wa kokoto, hivyo mbu hawapati pa kuzalia. Mwani hunaswa, na bakteria walioshika kokoto na mizizi humalizia kazi. Teknolojia hiyo ilifika hadi gereza la Shinyanga na Chuo cha Ualimu Kleruu, Iringa.

4. Tabora

Dar es Salaam ni pwani yenye joto. Sisi tuko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi. Bakteria wakipoa hupunguza kasi, kwa hiyo bwawa lililokadiriwa kwa joto la pwani litakuwa dogo hapa.

5. Mapendekezo

- Ukubwa wa mabwawa ukadiriwe kwa mwezi wa baridi kuliko yote.
- Tope liondolewe linapofikia theluthi ya bwawa la kwanza.
- Matete yavunwe na kokoto zilizoziba zioshwe. Fedha za kazi hiyo ziwe kwenye bajeti ya kila mwaka.
- Vyuo vifanye majaribio hapa, kiangazi na masika.

Mradi wowote wa kuleta maji usipitishwe bila mpango wa majitaka yake.