Pesa ya Korosho Hukwama Wapi Baada ya Mnada?

Ndugu Mwenyekiti, ndugu makatibu na makarani wa vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) kutoka Masasi na Newala,

Nimeombwa nieleze kwa nini malipo ya mkulima huchelewa. Najua wengi wenu mna jibu tayari: benki. Mimi naomba nianzie mbali na benki, kwenye meza zenu, siku mkulima anaposhusha gunia.

Siku hiyo karani huandika jina, kilo, daraja na namba ya akaunti. Kosa likiingia hapo husafiri na korosho. Hupanda lori hadi ghala kuu, hupita mnadani bila kuonwa, kisha hujitokeza orodha ya malipo inapofika benki. Tarakimu moja ikikosewa, pesa haipotei, ila hurudi ilikotoka na kusubiri orodha nyingine iandaliwe, isainiwe na ipelekwe upya.

Jina ndilo linalotusumbua zaidi. Kwetu huku, kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, kijana akitoka jandoni huweza kupewa jina jipya, na hilo ndilo kijiji kizima kitamwitia hadi uzee. Karani ni mtoto wa hapohapo; anaandika jina analolijua. Kitambulisho cha taifa kina jina jingine, na akaunti ilifunguliwa kwa kitambulisho. Msimu mmoja nilimkuta mzee amekwenda mara tatu kuulizia malipo yake katika chama ambacho sitakitaja. Kila mara aliambiwa hayumo kwenye orodha. Alikuwamo, kwa jina ambalo benki haikuwahi kulisikia. 

Kuna pia akaunti iliyolala. Mkulima wetu hupokea pesa ya korosho, huitoa yote, kisha haigusi akaunti hadi msimu mwingine. Akaunti inafungiwa bila yeye kujua, na anagundua siku ambayo wenzake wanahesabu noti.

Kilo nazo zina ugomvi wake. Korosho isiyokauka vizuri ikipimwa chamani husoma uzito mmoja, ikifika ghala kuu imenyauka. Pengo hilo lazima mtu alibebe, na kamati ikishindwa kukubaliana nani, orodha ya malipo haifungwi. Mnunuzi aliyeshinda mnada akichelewa kulipa, hilo liko juu ya uwezo wa karani. Chama kikuu, MAMCU au TANECU, ndicho cha kumbana.

Sasa tukumbuke msimu wa 2018/19, maana uchungu wake haujaisha. Wakulima walikataa bei za minada ya Oktoba. Tarehe 12 Novemba 2018 Rais Magufuli akatangaza kuwa Serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Jeshi likasomba mzigo, Benki ya Maendeleo ya Kilimo ikapewa kazi ya fedha, na uhakiki ukaanza ili kuwanasa wa kangomba, walanguzi wanaonunua korosho kwa mkulima kwa bei ya chini nje ya utaratibu. Waliopeleka zaidi ya kilo 1,500 walitakiwa kuthibitisha mashamba yao. Malipo yakaingia mwaka 2019 wengine wakiwa bado wanasubiri.

Nia ya uhakiki naiunga mkono. Kangomba ni wizi wa mchana. Lakini uhakiki ulikuja baada ya mzigo kupokelewa. Fikirieni familia ambayo mama, baba na vijana wawili wanapeleka korosho zote kwa jina la baba: kilo zinarundikana, na mtu mwaminifu anafanana na mlanguzi. Kazi hiyo mahali pake ni kabla ya Oktoba, kwenye daftari la wakulima, lile lile tunalolitumia kugawa salfa ya ruzuku.

Nisionekane nawatupia makarani lawama zote. Kuna fedha iliyokwama bila kosa la kalamu yoyote ya kijijini. Sheria ilielekeza kwamba katika ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje, asilimia 65 irudi kuendeleza zao na 35 ibaki Hazina. Wabunge wa kusini walilalamika bungeni kwamba sehemu ya zao hairudishwi. Juni 2018 sheria ikabadilishwa, ushuru wote ukaenda Mfuko Mkuu wa Hazina. Pale jina lilikuwa sahihi na akaunti ilikuwa hai. Hilo tutalidai kwa njia nyingine, si kwa leja.

Ya leja tuyaanze leo. Nimeomba kila chama kije na leja ya msimu uliopita pamoja na malipo yaliyorudishwa na benki. Tukitoka chai, kaeni wawili wawili, karani wa Masasi na wa Newala, mkaguliane majina. Kila jina lisilolingana liandikwe pembeni kwa penseli, pamoja na jina la kijiji anachoishi mwenyewe, ili kabla ya mvua kukatika awe amefuatwa nyumbani.