Aliyesomeshwa Naye Asomeshe

(Mada iliyotolewa mbele ya wazazi, walimu na vijana katika juma la elimu la Jubilei ya Miaka 100)



Kila mfuko wa kusomesha watoto una pande mbili: yupo mtoaji na yupo mpokeaji. Mtoaji husifiwa, mpokeaji hushukuru, na mara nyingi mambo huishia hapo. Mada ya leo inawahusu watumishi wa shirika ambalo halikukubali mambo yaishie hapo. Shirika hilo ni Camfed, jina lililofupishwa kutokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya Kampeni ya Elimu ya Wanawake. Lilianzishwa mwaka 1993 katika mji wa Cambridge, Uingereza, na kazi yake imeenea katika nchi za Afrika zikiwemo Zimbabwe, Zambia, Ghana, Malawi na Tanzania. Katika habari zake limo swali linalomhusu kila anayetoa fedha kwa ajili ya mtoto wa mwingine: ni nani hasa anayefaa kuifanya kazi hiyo?

Chanzo chake ni safari. Mwaka 1991 mwalimu mmoja Mwingereza, Ann Cotton, alifika Mola, kaskazini mwa Zimbabwe, karibu na Ziwa Kariba. Wenyeji wa huko ni Watonga, ambao wazazi wao walihamishwa kutoka bonde la Mto Zambezi mwishoni mwa miaka ya 1950, bwawa la Kariba lilipojengwa. Alikwenda kuchunguza kwa nini wasichana walikuwa wachache mno katika shule za sekondari. Wataalamu wengi wa wakati ule walikuwa na jibu tayari, yaani kwamba mila ndizo zilizowazuia, na kwamba wazazi hawakutaka binti asome.

Wazazi wenyewe walisema jambo jingine. Walisema kwamba fedha hazikutosha. Mzazi aliyeweza kumlipia mtoto mmoja tu alimpeleka mvulana, kwa kuwa mvulana ndiye aliyekuwa na matumaini zaidi ya kupata kazi ya mshahara na kuwasaidia wengine. Ikumbukwe kwamba ilikuwa ni miaka ileile ambayo serikali ya Zimbabwe ilianza mageuzi ya uchumi, na gharama za shule zikazidi kumwangukia mzazi. Huko Mola, Bi. Cotton aliwakuta wasichana wawili waliokuwa wametembea takriban kilomita 100 kuifuata shule waliyoweza kuilipia. Walikuwa wakiishi katika kibanda, wakijipikia wenyewe. Wasichana wale hawakuhitaji semina juu ya umuhimu wa elimu. Walihitaji ada.

Aliporudi kwao alianza kuoka keki na kuziuza ili apate fedha. Mwaka 1993 wasichana 32 walianza kusomeshwa.

Kama habari ingekomea hapo, ingekuwa njema, lakini ingefanana na nyingine nyingi. Baada ya miaka michache wasichana wale wa kwanza walimaliza shule, wakarudi vijijini. Kazi hakuna, mtaji hakuna, na shinikizo la kuolewa upesi lipo palepale. Mwaka 1998 waliunda umoja wao, ulioitwa CAMA. Shabaha yake ilikuwa kushikana mikono wenyewe, na pia kuwashika mkono wadogo waliobaki nyuma. Miongoni mwao alikuwemo Angeline Murimirwa, mmoja wa wale 32. Umoja huo sasa una wanachama zaidi ya 200,000, na ndani yake ndimo walimotoka watumishi wengi wa shirika. Katika utumishi wao yamo mambo manne yafaayo kuangaliwa.

Kwanza, ni watumishi walioyaonja wanayoyashughulikia. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanawake vijana waliomaliza sekondari hurudi katika shule za maeneo yao kwa kujitolea, wakiwa waelekezi wa wanafunzi. Kila juma hutenga saa kadhaa na kukaa na wanafunzi, wakiwafundisha kujiamini, kupanga masomo na kufikiri juu ya maisha yao ya baadaye. Mtoto asipoonekana shuleni, huenda nyumbani kwao kuuliza. Mwelekezi wa namna hiyo hujua kwamba msichana anayekosa siku nne kila mwezi si mvivu. Hujua kwamba mwanafunzi asemaye amesahau daftari nyumbani huenda hana daftari kabisa. Hujua pia hatari za geto, yaani chumba cha kupanga ambamo watoto huishi bila mkubwa kwa sababu shule iko mbali. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 60 au 70 hawezi kuyaona yote hayo, hata akiwa na moyo mwema.

Pili, hesabu hutolewa kwa msichana. Hapo liko jambo gumu ambalo wafadhili wengi hawapendi kulitaja. Mtu anayeshika orodha ya watakaolipiwa ana uwezo mkubwa juu ya watoto hao. Anaweza kumwingiza mwanawe na kumwacha yatima. Anaweza kununua sare hafifu na kuandika bei ya sare nzuri. Na mtu mzima asiye na hofu ya Mungu anaweza kumdai msichana kile asichopaswa kukitoa, naye msichana akanyamaza kwa kuogopa kuondolewa shuleni. Kwa hiyo shirika hili halikumwachia mtu mmoja uamuzi. Kamati za shule na za wilaya, zenye wazazi, walimu, viongozi wa jadi na maofisa wa serikali, huwachagua wahitaji na kufuatilia. Msichana mwenyewe huelezwa anachostahili kupewa, ili kikipungua ajue, na ajue pa kwenda kulalamika. Mwaka 2010 kampuni ya wanasheria ya Linklaters ilichapisha taarifa juu ya utaratibu huo, na kichwa chake kilikuwa na maana ya kutoa hesabu kwa msichana. Kwa kawaida hesabu hupelekwa juu, kwa aliyetoa fedha. Huku aliye chini kabisa ndiye aliyewekwa kuwa mwenye haki ya kuuliza.

Tatu, mtumishi maskini naye hula. Yapo malalamiko ya haki hapa, na si vema kuyafunika. Kumwambia mwanamke kijana asiye na kipato ajitolee ni kumtwika mzigo juu ya mzigo. Kazi nyingi za kulea zimefanywa na wanawake bila malipo tangu zamani, na kuiita kazi hiyo kujitolea hakuibadilishi. Shirika limejaribu kujibu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mkopo. Mwelekezi anaweza kupata mkopo usio na riba ya fedha kwa ajili ya biashara au kilimo, na badala ya riba huhesabiwa huduma aliyoitoa shuleni. Njia ya pili ni cheti. Kazi yake hupimwa, na anaweza kutunukiwa cheti cha BTEC kinachotolewa na taasisi ya Pearson ya Uingereza, kikamsaidia kuendelea na masomo au kutafuta ajira. Je, hayo yanatosha? Kwa wengine yametosha kuwa ngazi ya kupandia. Kwa wengine mzigo umebaki mzito. Lakini angalau swali limeulizwa, na jibu lake si shukrani tupu.

Nne, uongozi umekabidhiwa. Mwaka 2012 Ann Cotton alimwachia kiti cha mtendaji mkuu Lucy Lake, aliyekuwa miongoni mwa watumishi wa miaka ya mwanzo. Mwaka 2020 Lucy Lake na Angeline Murimirwa walitunukiwa pamoja Tuzo ya Yidan ya maendeleo ya elimu. Mwaka 2023 Angeline Murimirwa alishika nafasi ya mtendaji mkuu wa shirika zima. Mtoto aliyelipiwa ada mwaka 1993 sasa anakaa mahali panapoamuliwa ada za wengine. Ilichukua miaka 30. Wapo waanzilishi wengi wa kazi njema ambao hawakuwahi kuinuka kitini, na kazi ikazikwa pamoja nao.

Yapo pia yanayoihusu nchi hii. Camfed iliingia Tanzania mwaka 2005. Wakati ule ada ya sekondari ya kutwa ya serikali ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, mbali na michango. Kuanzia Januari 2016 ada hiyo iliondolewa hadi kidato cha nne. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi shuleni. Hizo ni hatua kubwa mbili, na huenda mtu akadhani kwamba kazi imekwisha. Lakini kufutwa kwa ada hakukununua viatu, madaftari, taulo za kike wala chakula cha mchana. Mlango uliofunguliwa kwa mama kijana haujampa mtu wa kumshikia mtoto akiwa darasani, wala ujasiri wa kuvumilia vicheko vya wenzake. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walitoa taarifa juu ya kazi ya shirika hili nchini Tanzania, nayo ilionyesha kwamba wanafunzi waliosaidiwa waliendelea vizuri zaidi kimasomo. Msaada wenyewe haukuwa fedha peke yake. Ulikuwa ni fedha pamoja na mtu wa kufuatilia.

Basi, mambo haya yanawahusu wote wenye mifuko ya elimu, iwe ya kijiji, ya ukoo au ya usharika. Mifuko hiyo imesomesha wengi: walimu, wauguzi, mafundi, mahakimu. Yafaa wajumbe wa mifuko hiyo wajiulize maswali machache kabla ya kikao kijacho. Je, majina ya wanaosaidiwa huchaguliwa na wangapi, na mbele ya nani? Je, mtoto mwenyewe anajua kiasi kilichotengwa kwa ajili yake? Akionewa na aliyepewa dhamana ya kumsaidia, atamwambia nani, na huyo atasikiliza? Je, mtoto aliyetoka shule na kurudi kijijini bila kazi, bado yumo katika orodha, au amesahauliwa siku ya mtihani wa mwisho?

Na kwa waliosomeshwa kwa fedha za wengine, ambao leo wako mijini wakiwa na mishahara, liko swali jingine. Wengi wao hutuma mchango panapo harambee, nao hushukuriwa. Lakini katika kamati ya mfuko uliowasomesha, ni wangapi wanaohudhuria kikao? Kijana aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana, ambaye bado anaikumbuka njaa ya saa nane mchana darasani, ana maarifa ambayo mzee wa kamati hana. Apewe kiti, apewe sauti, na akipewa kazi apewe nauli. Katiba nyingi za mifuko hii hazimtaji kabisa. Mkutano mkuu wa mwaka ndio mahali pa kuirekebisha.