Boila Kuukuu: Itengenezwe au Ibadiliwe?

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho watu wa pwani hawana haja nacho sana, lakini sisi tukaao milimani twakijua vema, hasa katika miezi ya Juni na Julai. Kitu hicho ni boila ya kuni: pipa la chuma la lita 200, lililolazwa juu ya tanuri la matofali nje ya ukuta wa nyumba. Wako waiitao boila ya Tanganyika. Maji baridi huingia upande wa chini, na yakiisha kupata moto huwa mepesi, hupanda juu, yakatoka kwa bomba kwenda bafuni.

Boila yetu ilipoanza kuvuja tulimwita fundi, akaichomelea kiraka. Baada ya majuma matatu ikavuja pembeni mwa kiraka. Akatia cha pili. Na kabla ya mvua kwisha tulikuwa tumelipia viraka vitatu. Tulimnung'unikia fundi, lakini kosa lilikuwa letu. Tuliuliza bei ya kiraka, wala hatukuuliza bati lililobaki lina unene gani. Maji na hewa hulisha chuma kutu, na joto huharakisha kazi hiyo. Aghalabu kutu huanza ndani, pasipoonekana, hata bati likawa jembamba, na moto wa kuchomelea wenyewe ukalitoboa.

Basi, msikilizaji, kabla hujamwita fundi, zima moto, acha pipa lipoe kabisa, umwage maji na kufuta masizi. Gonga pipa polepole kwa nyundo ndogo. Bati zima hulia kama kengele. Lililooza hutoa sauti nzito, iliyokufa. Kisha jaribu kwa ncha ya msumari sehemu ya chini ielekeayo moto. Msumari ukipenya, pipa hilo limekwisha. Lakini maji yakitoka kwenye koki au penye kiungo cha bomba, usikubali kuuziwa pipa jipya. Hiyo ni kazi ya muda mfupi. Na kuni zikiliwa nyingi bila maji kupata moto, pengine ni gamba la chokaa ndani, nalo huzuia joto. Likwanguliwe kwanza.

Iko habari moja ambayo hatuisemi kwa furaha. Kila boila hapana budi iwe na bomba la kupumulia, lipandalo juu kupita tangi la maji baridi, nalo liwe wazi siku zote. Siku tulipong'oa pipa letu tulikuta bomba hilo limezibwa na udongo wa nyigu, na upande mmoja wa pipa umevimba. Sisi wenyewe, ili kupunguza mvujo, tulikuwa na desturi ya kufunga koki ya maji baridi usiku, makaa yangali yakiwaka. Hivyo mvuke haukuwa na mlango wowote. Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 kuliko ya kwanza, na watoto wetu walikuwa wakiota moto penye tanuri lile kila jioni. Tulitazamana, hatukusema neno. Pipa lililovimba halitengenezwi, hata kama halivuji.

Hata hivyo hatukuvunja tanuri. Matofali yalikuwa mazima, na nyufa tuliziziba kwa udongo wa mfinyanzi na mchanga. Tulibadili pipa tu. Katika kununua pipa lililotumika, ulizeni lilichukua nini. Lililobeba dawa za sumu likataeni kabisa. Nalo lililobeba petroli au mafuta lisiguswe na moto wa kuchomelea kabla fundi mjuzi hajalisafisha, maana mvuke wa mafuta uliobaki ndani ya pipa tupu waweza kulipua na kuua.

Wenzetu wengine wameacha kuni, wakaweka juu ya paa vyombo vya kupasha maji kwa jua. Ni vizuri kwa mwenye fedha. Lakini huku kwetu ukungu hushinda kutwa nzima, ndiyo maana twaendelea na tanuri. Koki ya maji baridi haifungwi tena usiku, na kila Jumamosi, kabla ya kuwasha moto, mmoja wetu hupanda ngazi kulitazama bomba la kupumulia.