Wageni wa Ghafla

Vita vilipofika Walikale-centre Machi 2025, jamaa nyingi zilipokea wakimbizi bila taarifa: mama, watoto, godoro moja kichwani. Wageni kama hao wakipiga hodi, usihangaike kufagia sebule. Maji kwanza. Yachemshe, huku kwenye milima mirefu ya Masisi yaache yatokote dakika 3, kisha uyafunike ndani ya bidoni safi. Karibu na choo weka maji na sabuni, au majivu ukikosa, maana kipindupindu hakingoji mgeni azoee nyumba. Bugali na sombe mtagawana. Sahani kuwa chache si aibu. Mtoto akiharisha, mpeleke kituo cha afya leo hii, si kesho.